Sabuni ya kunyolea ya kutengeneza nyumbani: tuache kuhesabu povu

Siku hizi ukiingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya ujasiriamali hukosi tangazo la sabuni ya ndevu "ya asili, haina kemikali, vipele kwisha ndani ya wiki", na chini yake vita: mmoja anasema kostiki inababua uso, mwingine anasema yeye ananyolea sabuni ya mche tangu kidato cha pili na hajawahi kuota hata kipele kimoja, wa tatu anauliza kama anaweza kuweka magadi badala ya kostiki maana magadi yanatoka ardhini kwa hiyo ni salama, halafu anatokea mwingine anauliza hivi hii ndio ile unga ya kupaka ndevu zinadondoka zenyewe au? Ukisoma vizuri unaona hawa watu hata hawabishani, kila mmoja anaongelea kitu chake, ila vyote vimepewa jina moja.

Basi tuvitenganishe kwanza, alafu ndio tuje kwenye vipimo.

Sabuni halisi ni mafuta yaliyokutana na alikali kali, yaani kinyume cha asidi, kama kostiki. Basi, hakuna siri. Mafuta yoyote, ya nazi, mawese, ya ng'ombe, ya nyonyo, ukiyachanganya na maji yenye kostiki yanavunjika, sehemu moja, inayoitwa asidi ya mafuta, inashikana na ile kostiki inakuwa sabuni na sehemu nyingine inabaki kuwa glisirini. Kostiki soda, kitaalamu sodiamu haidroksaidi, inatoa sabuni ngumu ya kipande. Ina ndugu yake anaitwa potasiamu haidroksaidi, huyu anatoa sabuni laini inayoyeyuka haraka kwenye maji, na watu wengi hawamjui kwa sababu hauzwi kila duka. Mshike huyu ndugu, tutamhitaji.

Sasa ile sabuni ya maji mnayofundishwa kwenye semina za siku moja, ya salfoniki na ungaroli na chumvi ya kuongezea uzito, hiyo kikemia ni ditajenti, kisafishio cha kiwandani ambacho sio sabuni. Siisemi vibaya, kwa vyombo na tailizi iko poa kabisa, ila ilitengenezwa kung'oa grisi, na usoni inafanya hivyo hivyo, inang'oa mafuta ya ngozi alafu povu lenyewe linakufa kabla hujamaliza shavu moja. Na ule unga wa kunyolea unaokoroga na maji unapaka unasubiri dakika chache unakwangua, ule sio sabuni wala hauna undugu na sabuni, ni dawa ya kuyeyusha nywele, una kemikali zinazovunja vile vifungo vinavyoushika unywele usikatike na ndio maana ukiuzidisha muda unakula na ngozi. Harufu yake tu inakuambia.

Povu la kopo je? Hapa ndio watu wanashangaa. Povu la kopo ni ukoo huo huo wa sabuni, mara nyingi ni steariki, moja ya zile asidi za mafuta, iliyochanganywa na alikali dhaifu kidogo, ikapigwa gesi ikawekwa kwenye kopo. Kilichoongezeka ni gesi. Unalipia hewa nyingi.

Kazi yake sio kusafisha

Hapa ndipo mzozo wote unapoanzia kwa mtazamo wangu. Watu wanaipima sabuni ya kunyolea kwa kipimo cha sabuni ya kuogea au ya kufulia, yaani povu jingi na uso kukakamaa ukimaliza, eti ndio umetakata. Lakini uso unatakiwa uwe umeshaoshwa kabla. Sabuni ya kunyolea ina kazi mbili: kushika maji yakae kwenye ndevu, na kuutelezesha wembe.

Unywele mkavu ni mgumu kukata. Unywele uliokunywa maji unavimba kidogo, unalainika, na wembe unapita bila kuuvuta, lakini kulainika huko hakuji papo hapo, kunataka kama dakika 2 mpaka 3, na maji ya uvuguvugu yanaharakisha. Sasa maji matupu ukipaka usoni yanatiririka yanaishia kifuani. Hapo ndio povu linaingia, povu zuri ni njia ya kuyafanya maji yasimame wima kwenye shavu lako. Lile la sabuni ya mche lina viputo vikubwa, maji yanachuruzika chini viputo vinapasuka, ukifika kidevuni tayari pamekauka na unakwangua ngozi kavu. Kwa hiyo yule jamaa wa kidato cha pili sio muongo, anaweza, ndevu zake zikiwa chache na ngozi yake ngumu atamaliza salama maisha yake yote. Ila ukweli ni kwamba ngozi yake inamvumilia, sabuni haina mchango wowote hapo.

Povu linalotakiwa ukiliangalia kwa karibu huoni kiputo hata kimoja. Linang'aa, limeshikamana, ukichota kwa kidole linasimama kidogo alafu ncha inainama. Ukisugua kati ya kidole gumba na cha shahada vidole vinateleza bila kukwama, na ukisubiri dakika 5 bado liko hivyo hivyo. Hicho ndicho kipimo. Wingi wake mezani kwenye picha ya Instagram hauna maana.

Mafuta gani yanafanya nini

Tofauti ya sabuni moja na nyingine karibu yote inatokana na mafuta uliyoanza nayo. Mafuta ya nazi, ambayo kwetu Pwani na Zanzibar yapo kila mahali, karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, na hiyo inatoa povu la haraka na viputo vikubwa, hata maji yakiwa na chumvi kidogo. Ila yakizidi yanakausha ngozi. Mawese, yale ya Kigoma na Kongo, yana palmitiki nyingi na oleiki, nazo ni asidi za mafuta, yanatoa povu dogo dogo la kudumu. Mafuta ya ng'ombe yanafanana nayo na yameongeza steariki. Nyonyo yanalisaidia povu lishike maji. Alizeti mazuri kupikia, humu ndani yanaleta ulaini tu na povu la uvivu.

Mfalme wa sabuni ya kunyolea ni steariki. Ndio inayotoa povu zito lisilokufa. Aliyeichambua ni mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alichunguza mafuta ya wanyama miaka mingi na mwaka 1823 akatoa kitabu kilichoeleza kwamba mafuta yanapogeuka sabuni yanavunjika kuwa asidi na glisirini. Mwaka 1825 yeye na Gay-Lussac wakachukua hati miliki ya kutengeneza mishumaa kwa hiyo steariki. Aliishi miaka 102 huyo mzee, na jina lake liko kwenye mnara wa Eiffel. Mpaka leo asidi ya steariki unaikuta dukani kwa wauza malighafi za mishumaa na vipodozi, ni vipande vyeupe vyepesi kama nta.

Na hapo kwenye neno asidi ndipo watu wanakimbia. Asidi ya steariki haiunguzi. Unaweza kuishika kwa mkono mtupu, imo kwenye mafuta ya ng'ombe uliyokula kwenye supu, imo kwenye siagi ya kakao na kwenye shea ya kaskazini mwa Uganda. Kitu cha kuogopa kwenye sabuni kiko upande wa pili, kwenye alikali, na wengi wanaogopa kinyume.

Kostiki inabaki usoni?

Swali la haki kabisa. Kostiki ikiwa peke yake inaunguza vibaya, ngozi na macho, sitaki kuchekesha hapo. Lakini sabuni iliyokamilika haina kostiki ndani yake, kama vile ugali ulioiva hauna unga. Unga uliingia, ndio, lakini umegeuka kitu kingine. Na vile vile, ukikosea vipimo au ukiipua mapema unakuta madonge ya unga mbichi katikati, na kwenye sabuni hayo madonge ndio kostiki inayokuunguza shavu. Kwa hiyo ukisikia mtu sabuni ya nyumbani imembabua, usiilaumu kostiki, uliza ilipimwaje.

Kupima ndio kila kitu. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki yanachoweza kula. Kilo 1 ya mafuta ya nazi inataka kama gramu 183 za kostiki, kilo 1 ya alizeti inataka kama gramu 135 tu. Sasa chukua mtu amepewa fomula ya nazi, kafika sokoni nazi bei juu, akasema mafuta ni mafuta bwana, akaweka alizeti na kostiki ile ile. Kostiki zaidi ya gramu 40 imekosa mafuta ya kula, itakula uso. Akigeuza, akaweka nazi kwenye fomula ya alizeti, inabaki sabuni yenye mafuta mengi, inanata, haitoi povu, angalau haiunguzi. Ndio maana fomula zote za "vikombe viwili vya mafuta na vijiko vinne vya kostiki" mimi naziogopa kuliko kitu chochote kwenye hii biashara. Kijiko hakijui kostiki yako ni ya unga au ya vipande. Tafuta mizani ya gramu, hata ile ndogo ya jikoni, na kama unabadilisha mafuta tumia kikokotoo cha sabuni, viko bure mtandaoni, unaingiza mafuta yako kinakuambia kostiki.

Watengenezaji makini wanapunguza kostiki kwa kama asilimia 5 chini ya ile inayotakiwa, ili yabaki mafuta kidogo ambayo hayajageuka sabuni. Hiyo ni akiba ya usalama, kwa sababu mizani inakosea na mafuta ya leo sio sawa na ya jana.

Jingine, kostiki yenyewe inaharibika. Ile inayofunguliwa kwenye gunia ikapimwa kwenye vifuko vya nailoni inavuta unyevu wa hewa na hewa ukaa, inakuwa imeshikana mabonge na imeloa loa, nguvu imeshapungua na hujui kwa kiasi gani. Nunua iliyofungwa, kavu, inayomwagika.

Magadi sio kostiki. Magadi, yale ya Ziwa Magadi na Natron au ya kufulia ya dukani, ni sodiamu kaboneti, alikali dhaifu, jikoni kwako hayawezi kuvunja mafuta ya nazi au ya ng'ombe mpaka yakawa sabuni kamili. Unapata mchuzi wa mafuta na magadi unaofanana na sabuni kwa mbali. Zamani watu walichemsha magadi na chokaa ili kupata kostiki, hiyo inawezekana, lakini nguvu yake huwezi kuipima nyumbani kwa hiyo tuiache huko huko zamani.

Na hii ya "haina kemikali" nayo ifutwe tu. Sabuni yoyote halisi imepita kwenye alikali. Anayekuambia yake haikupita, labda ameinunua ikiwa imeshatengenezwa akaiyeyusha akaweka mshubiri na harufu, kwa hiyo kostiki ilishawekwa na mtu mwingine kiwandani, au anakuuzia ditajenti. Vile vile sabuni halisi haiwezi kuwa na pH (kipimo cha asidi na alikali) ya 7, au 5 kama ngozi, inakaa kama 9 mpaka 10, ndivyo ilivyo. Wanaokamulia limao "kuishusha" wanachofanya ni kuivunja irudi kuwa asidi ya mafuta, yaani wanaharibu kazi waliyolala nayo macho. Ngozi yenye afya ikisuuzwa vizuri inarudi kwenye hali yake yenyewe.

Sasa tupike

Hii fomula ni ya gramu 500 za mafuta, inatoa makopo kama 7 ya gramu 100. Asidi ya steariki gramu 250, mafuta ya nazi gramu 100, mafuta ya ng'ombe yaliyochujwa au mawese meupe gramu 100 (namba zao zinakaribiana kwa hiyo hapo unaweza kubadilisha, ila mawese mekundu yatakupa sabuni ya rangi ya machungwa inayochafua taulo), nyonyo gramu 50. Alikali: potasiamu haidroksaidi yenye usafi wa asilimia 90, gramu 66, na kostiki soda gramu 28. Maji safi gramu 220, ya mvua au ya chupa. Glisirini gramu 25 ya kuweka mwisho. Hiyo akiba ya asilimia 5 niliyosema iko ndani tayari.

Kwa nini alikali mbili? Kwa sababu steariki na kostiki peke yake inatoa kitu kigumu kinachokatika katika, unazungusha brashi mpaka mkono unachoka povu halitoki. Potasiamu inalainisha, sabuni inakubali maji haraka. Kama umezunguka Kariakoo yote umekosa potasiamu, weka kostiki peke yake gramu 70, itafanya kazi, itakuwa ngumu na itataka maji mengi na subira. Na kwa nini tunaongeza glisirini wakati nimesema sabuni inajitengenezea? Kwa sababu ile steariki ya dukani glisirini yake ilishaondolewa kiwandani, kwa hiyo nusu ya mafuta yetu haitoi glisirini hata tone, na glisirini ndio inayovuta maji.

Kabla hujagusa chochote: miwani ya kukinga macho, glavu, mikono mirefu, dirisha wazi, watoto nje. Na angalia sufuria yako. Sufuria zetu nyingi ni alumini, na alumini na kostiki ni maadui, inaanza kutoboka huku inatoa gesi ya haidrojeni ambayo inawaka, na wewe una jiko pembeni. Tumia bakuli la stili, likae ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu. Hiyo sufuria ya nje ikiwa ya alumini haina shida mradi kostiki isiiguse. Mwiko wa mbao utaliwa pole pole, tafuta kijiko cha stili.

Maji yanatangulia kwenye jagi gumu la plastiki, alafu alikali inafuata, kidogo kidogo. Usigeuze kamwe, maji juu ya kostiki yanachemka ghafla yanakurukia usoni. Potasiamu ikiingia utaisikia inapiga kelele kidogo kama inakaanga, ni kawaida, na jagi linakuwa la moto sana kwa hiyo usilishike katikati. Inakuwa na ukungu alafu inatakata. Ikikudondokea kwenye ngozi, maji ya bomba mengi, dakika 15 mpaka 20, usipake siki wala limao kujidai unasawazisha. Ikiingia jichoni, maji hayo hayo alafu hospitali. Na usiiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika moja, watoto wanaungua koo kwa namna hii hii na kovu la koo ni la maisha. Aliyekunywa asitapishwe, apelekwe hospitali.

Kwenye bakuli, yeyusha mafuta yote na steariki mpaka yawe maji maangavu. Steariki inayeyuka karibu na nyuzi 70 kwa hiyo ukiacha yapoe utaona punje nyeupe zinaanza kuganda pembeni. Sasa mimina maji ya alikali kidogo kidogo huku unakoroga. Hapa ndipo wengi wanadhani wameharibu: lile tone la kwanza tu likigusa mafuta linaganda jeupe pale pale, na ndani ya dakika moja bakuli zima limekuwa donge zito, kijiko kinasimama. Haujaharibu kitu. Steariki ni asidi iliyo huru, haihitaji kuvunjwa, inashikana na alikali papo kwa papo. Nazi, nyonyo na mafuta ya ng'ombe bado hata hawajaanza, wamejificha ndani ya donge, na ndio maana lazima uendelee kupika. Funika, acha kwenye mvuke kama saa moja, kila baada ya dakika 10 au 15 unaligeuza, likikauka ongeza kijiko cha maji ya moto. Taratibu weupe unapotea, donge linaanza kung'aa na kupitisha mwanga kidogo, linalainika.

Kujua kama imeiva, chukua kipande kidogo kama punje ya maharage, kiache kipoe, kilowanishe kidogo, gusisha ncha ya ulimi kidogo tu. Ikiwa ladha ni ya sabuni tu, imeiva. Ikiwa ulimi unapigwa shoti, suuza mdomo, irudishe jikoni nusu saa. Ikigoma kabisa hata baada ya hapo, vipimo vyako vilikosewa, hiyo usiipake mtu usoni, itasafisha sinki.

Ikishaiva koroga glisirini ndani, sindilia kwenye makopo ya zamani ya krimu yaliyooshwa, ikandamize isiwe na mianya ya hewa. Kesho yake unaweza kuitumia lakini ukiipa wiki 2 mpaka 4 inakaza na povu linakuwa bora. Harufu, kwenye pishi la kwanza, usiweke. Najua mtu wa Pemba atataka karafuu, ni yetu na inanukia vizuri, ila mafuta ya karafuu ni makali kwa ngozi iliyotoka kunyolewa na yana tabia ya kuigandisha sabuni ghafla. Manjano, liwa, asali, mshubiri, vyote hivyo ni mapambo, havigeuzi sabuni mbovu kuwa nzuri.

Kutumia

Osha uso kwa maji ya uvuguvugu, usiufute. Lowanisha brashi, ikung'ute kidogo isidondoke maji, zungusha juu ya sabuni kama sekunde 20 au 30 mpaka ishike utando mzito. Alafu uhamie usoni unazungusha, ukiona povu linakuwa zito linashikana na halitelezi, chovya ncha tu za brashi kwenye maji uendelee. Wengi wanaishia kati, wanaweka maji machache wanapata kitu kikavu cheupe cha kupendeza alafu wanasema sabuni haitelezi. Sabuni yenye steariki nyingi inakunywa maji kuliko unavyodhani, endelea kumwongezea mpaka ing'ae. Kama huna brashi, mikono inatosha, inachelewa tu.

Brashi ni ya mtu mmoja. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia na miaka iliyofuata, Uingereza na Marekani watu waliugua kimeta, na wengine wakafa, kwa sababu ya brashi za kunyolea za manyoya ya farasi yasiyosafishwa. Leo hatari sio kimeta sana, ni brashi moja na wembe mmoja kinyozi kwa wateja wote siku nzima, na damu inayopita hapo.

Kama povu halitoki kabisa na sabuni umeipika vizuri, angalia maji. Maji ya visima vingi Dar ni ya chumvi chumvi au yana madini ya kalisi na magnesiamu, na hayo yanaishika sabuni yanaigeuza kuwa ule utandu mweupe unaoganda kwenye beseni. Weka kipande kidogo cha sabuni kwenye chupa mbili, moja maji ya kisima moja maji ya kunywa ya dukani, tikisa, utaona mwenyewe. Kunyoa kunahitaji nusu kikombe tu cha maji kwa povu, kwa hiyo hata ukitumia ya chupa huwezi kufilisika.

Vipele sasa, kwa sababu ndio tangazo lilipoanzia. Nywele zetu zimejikunja, na ukizikata chini kabisa ya ngozi kwa pembe kali ile ncha inarudi kuchoma ngozi na kuingia ndani, ngozi inavimba. Sabuni haitibu hiyo. Inachoweza ni kulainisha unywele na kupunguza kukwangua, basi. Kinachosaidia zaidi ni kunyoa kufuata unywele unakoelekea, kutovuta ngozi, kutopita mara tatu nne sehemu moja, na kuachana na zile nyembe za makali matano zinazovuta unywele juu alafu zinaukata chini ya ngozi. Kuna watu hata ukifanya hivyo vyote bado, hao mashine ya kuacha milimita moja ndio rafiki yao, au waende kwa daktari wa ngozi. Shabu baada ya kunyoa inakaza ngozi na kusimamisha damu ndogo ndogo, vipele vilivyoingia ndani haivitoi.

Kama unataka kuuza, hapo ni habari nyingine. Kupika yako na kumpa shemeji yako kopo ni jambo moja, kuweka lebo ni jingine, Tanzania vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019, zamani ilikuwa TFDA, na Kenya ni KEBS. SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania, wanaweza kukuelekeza pa kuanzia. Na kwenye lebo andika mafuta yaliyomo, tarehe uliyopika, na namba ya pishi, ili mteja akirudi na shavu jekundu ujue ni donge lipi la kulitoa sokoni.